Gia Isiyovunjika

Fundi wa kiwanda cha kusaga matairi chakavu alikuwa mtu wa kujisikia, na ukweli usemwe, haki kidogo alikuwa nayo. Mashine ya kusagia ilikuwa ikivunja meno ya gia kila kukicha, na kila jino likivunjika, bosi alimfokea yeye mbele ya watu. Akachoka. Akaichora gia upya: meno machache, manene, na pale jino linapoota kwenye gurudumu, kona kali akaifanya mviringo, maana ufa huanzia hapo. Akaichonga kwa chuma kigumu zaidi.

Mdogo wake wa mwisho, waliyemwita Kitinda, ndiye aliyekuwa akiilisha mashine ile. Akamfuata karakanani.

"Kaka, swichi ya kuzimia imekufa siku nyingi. Mtu akinaswa nguo, sisi tunachomeka nondo kwenye gia. Jino linakatika, mashine inasimama. Ukiweka hiyo yako, tutaponea wapi?"

"Kumbe ni nyinyi mnaonitukanisha!" Fundi alicheka mpaka akafuta machozi. "Nenda zako, mdogo wangu. Mambo ya vyuma niachie mimi."

Angeweza kuitengeneza swichi; ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini swichi haimpi mtu sifa, basi akaiweka kiporo.

Gia mpya haijamaliza hata mwezi, rola za mashine zikanasa mkono wa shati la Kitinda. Wenzake wakapiga mayowe, wakachomeka nondo kama walivyozoea. Nondo ikapinda kama waya. Fundi akaja mbio, akachomeka nyingine, akaisukuma kwa kifua huku akilia, na gia yake ikaitafuna hiyo nayo. Mpaka mtu afike getini kukata umeme wa kiwanda kizima, mkono ulikuwa umekwisha hadi kwenye kiwiko.

Kesho yake bosi alikuja hospitali, akatoa pole za haraka haraka, kisha akamgeukia fundi.

"Lakini ile gia, fundi! Nimeikagua mwenyewe, haina hata mkwaruzo. Nichongee ya pili, ya ile mashine nyingine."

Fundi akahisi uso wake unachangamka. Alijaribu kuuzuia, ukamshinda.

"Asante, bosi," akasema.

Kitinda alikuwa macho, akimtazama.

"Kamchongee, kaka," akasema taratibu. "Ile nyingine anailisha mkeo."