Mguu wa Ndege ya Kivita Kwenye Jokofu la Waswidi

Watu husafiri kwenda Ulaya kutafuta kazi, shule au matibabu. Mimi, mwalimu wa uchoraji wa mitambo katika chuo kimoja cha ufundi Tanga, nilifunga safari kwenda kusubiri mguu ugande. Ulikuwa mguu wa mbele wa ndege ya kivita ya India, ule wenye gurudumu, unaopokea kishindo ndege inapotua. Aliyeuunda ni rafiki yangu Raghu, niliyekaa naye chumba kimoja bwenini tulipokuwa tukisoma uhandisi Bangalore. Tulipomaliza, mimi nilirudi nyumbani kushika chaki. Yeye aliajiriwa kwenye mradi wa serikali yao wa kuunda ndege nyepesi ya kivita ya kwao wenyewe, wakampa mguu wa mbele, na tangu siku hiyo hajashika kitu kingine.

Mapema mwaka 2010 akanipigia simu. Mguu wake, alisema, ulikuwa unavuja mafuta kwenye baridi. Kwa ndege ya Tanga hilo si neno, lakini ndege ya jeshi la India lazima iweze kutua kwenye viwanja vya milima ya Himalaya, ambako baridi haina adabu. Ulikwisha kuvuja katika majaribio ya nyumbani, wakaurekebisha, ukavuja tena. Sasa ungepelekwa kwenye maabara moja nje kidogo ya Stockholm, ugandishwe na kubamizwa mbele ya wageni wasio na upande. Ukivuja tena, mkuu wake alikwisha kumwambia waziwazi, watanunua mguu wa kigeni, na kazi yake ya miaka yote ile itaishia stoo.

"Dada yako si anakaa Stockholm?" akaniuliza. "Basi njoo umtembelee wiki hiyo. Na uje na nazi."

Msomaji asishangae. Raghu ni mtu wa hesabu, lakini kwao mtambo hauwashwi kabla ya kupasuliwa nazi mbele ya Mungu wao. Bangalore niliwaona maprofesa wenye miwani mizito wakipasua nazi kwa ajili ya mashine mpya ya fotokopi. Na haitakiwi nazi yoyote tu. Lazima iwe imebakizwa kishungi cha makumbi kichwani, kifunike yale macho yake. Za madukani Ulaya, alisema Raghu kwa huzuni ya kweli, zote zina upara.

Siku moja kabla ya kuondoka nilikwenda sokoni Tanga kununua nazi. Muuzaji akaifua upesi upesi kama ilivyo kazi yake, nikamzuia asimalize. Nikamwambia aniachie kishungi. Akaniuliza ni ya mganga gani. Nilipomjibu kwamba ni ya ndege ya kivita ya India, iliyo Uswidi, alinitazama kwa huruma na kunipunguzia bei.

Kutoka Dar es Salaam tuliruka hadi Amsterdam, na kutoka Amsterdam hadi uwanja wa Arlanda. Pale nikasimamishwa na afisa wa forodha, kijana mpole mwenye glavu za bluu. Aliitoa nazi kwenye begi, akaigeuza, akakishika kishungi kwa vidole viwili na kuniuliza ni kitu gani. Angeuliza mtu mwingine ningesema chakula. Lakini nilikuwa nimechoka, nikamwambia ukweli wote kuanzia Himalaya. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza polepole kama ninakula nazi. Nikasema ndiyo. "Basi ni chakula," akasema, akanirudishia.

Nje ya mlango alikuwa ananingoja shemeji yangu Olivier, Mkongomani wa Bukavu, dereva wa basi, mwenye koti kubwa lililoweza kuwaingia watu wawili. Barabara ilikuwa nyeupe pande zote, na miti imesimama mitupu bila jani hata la kusingiziwa. Nilimsimulia habari za Raghu tukiwa njiani. Alifikiri muda mrefu, akiwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili.

"Shemeji," akasema mwishowe, "hiyi ndege ya Wahindi inaruka kabisa, ao iko inatembea tu mu chini?"

Nikamwambia inaruka, na vizuri sana. Tatizo ni kutua, na kulipia. Akasema hata basi lake liko hivyo.

Hallonbergen, mahali wanapokaa, ni majengo marefu ya fleti yaliyopangwa kama makabati. Dada yangu Esta alinipokea kwa vigelegele ambavyo naamini vilisikika hadi ghorofa ya juu kabisa. Binti yao nilimsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswidi, tukacheka wote, tukaelewana. Nilikula, nikavua soksi, nikalala usingizi wa mtu aliyepigwa.

Jumapili asubuhi niliamshwa na harufu nzuri mno. Nilibaki kitandani nikitabasamu kama mtoto, nikiwaza kwamba Stockholm si mbali na nyumbani hata kidogo, mpaka akili iliponirudia. Nikakimbia jikoni miguu mitupu. Esta alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia, ile aliyoibeba kutoka Muheza siku anaolewa, na kwenye sufuria maharage yalikuwa yanatokota ndani ya tui zito. Kishungi kilikuwa kwenye pipa la taka.

Nilisimama nikikitazama kile kishungi. Esta akadhani nimeguswa na mapenzi yake. Aliniambia alipoiona ile nazi begini alitaka kulia, maana kila mtu humletea khanga na majani ya chai, na mimi peke yangu nilikumbuka kwamba nazi za huku hazina tui la maana. Mtu wa Tanga akiona nazi haulizi ni ya nani. Sasa ningemwambiaje? Raghu alikuwa amealikwa chakula cha mchana siku hiyohiyo.

Alifika saa saba mchana, theluji mabegani, amepungua nywele na kuongezeka tumbo. Tulikumbatiana mlangoni mpaka Esta akatukumbusha kwamba baridi inaingia. Kwa kuwa Raghu hali nyama, maharage ya nazi yalimfaa kuliko sisi sote. Alikula sahani ya kwanza kimya, ya pili akiwa amefumba macho, na ya tatu akaomba mwenyewe. Kisha akafuta midomo na kuniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kama nimemletea nazi yake.

Nikaangalia sufuria. Esta, ambaye anaelewa Kiingereza zaidi ya anavyojionyesha, akatutazama mmoja mmoja, akatazama sufuria, na uso wake ukabadilika.

"Kaka," akamwambia Raghu kwa Kiswahili, akijikaza, "nisamehe sana. Umeshaila."

Nilitafsiri huku nikiangalia meza. Niliogopa atakasirika, kwa sababu najua alivyo mtu wa mambo hayo. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akatoa miwani.

"Mwambie dada asijali," akasema. "Nazi huliwa baada ya kutolewa sadaka, sisi tumekula kabla. Kwenye mradi wetu ndiyo kawaida. Tulitangaza siku ya kuruka kabla hatujawa na injini."

Basi Olivier akamtaka asimulie, na Raghu hahitaji kubembelezwa. Alitueleza jinsi injini waliyoiunda wenyewe ilivyotoka nzito kuliko ilivyotakiwa na yenye nguvu pungufu, wakaishia kununua ya Marekani. Akaeleza pia kwamba India ilipojaribu mabomu yake ya nyuklia mwaka 1998, Marekani ilinuna, ikawarudisha makwao wahandisi wa Kihindi waliokuwa kule wakisaidiwa kuunda kompyuta za kuongozea ndege, na vifaa vyao vikabaki hukohuko. Wakaanza upya. Kila wakikaribia kumaliza, jeshi la anga lilibadili mawazo kuhusu linachokitaka, na huku wanasiasa wakiuliza magazetini kwa nini ndege haijaisha. Olivier akauliza kama Waswidi nao hupata taabu hizo, maana wana ndege yao ya kivita na hivi sasa wanashindana na mataifa mengine kuiuzia India. Raghu akasema hata injini ya hiyo ya Waswidi asili yake ni Marekani, ila wao hawaoni haya kulisema.

Alipokuwa anavaa viatu nilimwambia nitaizunguka Stockholm nzima nimpatie nazi nyingine. Akakataa. Alisema iliyokuja imekuja, na imeliwa na watu wanaomtakia heri. Lakini hakuwa anacheka tena.

Alhamisi mimi na Raghu tulichukua treni ya kwenda Upplands Väsby, kaskazini. Maabara ilikuwa jengo la bati la kijivu ambalo ungedhani ni ghala la viazi. Mimi sikuruhusiwa kupita mapokezi. Mambo ya kijeshi si ya kutazamwa na mwalimu kutoka Tanga. Kwa hiyo naomba nikiri mapema: nilisafiri umbali wote ule, na hata huo mguu sikuuona. Niliona mlango mzito wa chuma, na Raghu akiingia humo akiwa amevaa sweta tatu.

Saa tatu na nusu mlango ukafunguka na watu wote wakatoka. Nikasimama ghafla nikidhani wamemaliza. Kumbe ulikuwa wakati wa kahawa, ambao Waswidi huuita fika, na hauahirishwi kwa vita wala amani. Mguu walikuwa wameuacha ndani unazidi kuganda. Mhandisi wao mkuu, Lennart, mzee mrefu mwenye sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi, alitugawia mikate ya mdalasini na kuniuliza kuhusu mvua za Tanzania. Raghu alikuwa ameushika mkate wake bila kuuma. Aliniambia pembeni kwamba mpira unaozuia mafuta ulipimiwa muda fulani wa baridi, na hawa watu wanaongeza muda kwa vikombe vya kahawa.

"Waambie waharakishe," nikasema.

"Siwezi. Milimani pia rubani anaweza kukawia."

Wakarudi ndani. Mimi nikabaki na mama mmoja wa mapokezi, ambaye aliendelea kunijazia kikombe bila kuniuliza. Kutoka nyuma ya mlango nilisikia kishindo, kimya, kishindo, kimya. Niliogopa kweli. Nilimkumbuka Raghu wa bwenini, aliyekuwa akichora ndege mgongoni mwa daftari zangu, na nikajua kwamba siwezi kumwona akirudi nyumbani mikono mitupu.

Lennart ndiye aliyetoka kwanza. Alikuwa ameshika karatasi laini nyeupe, ya kufutia mikono, akaninyooshea. Nikaichukua bila kuelewa. Ilikuwa safi, haina hata doa la mafuta.

"Tumeufuta mguu kwa hii," akasema kwa sauti yake ileile ya mazishi. "Pande zote."

Nyuma yake alikuja Raghu, nyusi zimeshika barafu, analia bila kujificha. Nilimbeba juu juu. Mama wa mapokezi akapiga makofi mara mbili, kisha akatafuta mikate mingine.

Jumamosi tuliondoka siku moja, yeye kwenda Bangalore na mimi Dar, na Olivier akatufikisha Arlanda. Tulikuwa tumekaa tukisubiri ndege zetu Raghu alipopigiwa simu na mkuu wake. Alisikiliza muda mrefu, akijibu kwa Kikannada, lugha ya Bangalore, ndiyo, ndiyo bwana, na nilimwona tabasamu likimfifia kidogokidogo. Alipokata simu aliirudisha mfukoni. Nikamlazimisha aseme.

Mkuu amempongeza sana, akasema. Lakini wiki hiyohiyo kumefanyika kikao na jeshi, na wamekubaliana ndege ibebe silaha zaidi. Itakuwa nzito. Mguu uliofaulu Upplands Väsby ni mguu wa ndege ambayo haitaundwa tena.

Nilikasirika. Nilisema maneno kuhusu serikali yake ambayo mgeni hapaswi kuyasema, na kwa sauti iliyogeuza vichwa vya watu. Nikamwambia aache, Lennart alikwisha kumdokeza kwamba wana nafasi ya kazi, na mshahara wa huku anaujua. Nikamwambia Wahindi wanunue huo mguu wa kigeni waliokuwa wakimtishia nao, wamwachie maisha yake. Raghu alinisubiri nimalize. Kisha akachukua leso ya karatasi ya mgahawa, akatoa kalamu, akaanza kuchora mstari wa kwanza wa mguu, ule wa katikati.

"Hawakutaja kununua, Yona," akasema. "Wamesema nitengeneze mwingine. Mimi."

Wakaitwa abiria wa ndege yake. Akaikunja leso, akaitia mfuko wa shati, akaniaga na kwenda akitembea haraka kama mtu anayewahi kazini.

Nimerudi Tanga, na watu wananiuliza ndege ya kivita ilikuwaje. Nawaambia sikuiona, wanasikitika. Nilichojifunza sikukitegemea. Nilikwenda nikidhani rafiki yangu anangoja siku ya kuambiwa kazi imekwisha, apumzike. Kumbe miaka yote ile alikuwa anangoja kuaminiwa kiasi cha kuambiwa aanze tena.