Tairi Halitaki Kelele

Jirani yule hakuwahi kumpelekea fundi tairi. Kila likiisha upepo, alitandika mkeka kando ya gari uani kwake, akavua makobazi kama anayeingia msikitini, kisha akaanza kuzibembeleza nati, "Njoo, baba, njoo," na kila iliyokubali akaiweka ndani ya kofia yake. Leo Hajara alimtazama roho juu, sufuria ya pilau magotini. Wageni wa posa ya binti yake walikuwa wameshafika Tororo, na gari la kumpeleka lilikuwa bado juu ya jeki hapa Busia.

"Mzee, saa saba hiyo!"

"Mama Shamirah, wewe tulia. Tairi halitaki kelele."

Hatimaye alikaza nati ya mwisho, akashusha jeki, akalipapasa tairi kama mtoto aliyeshiba. Hajara akazunguka gari ili apande. Upande wa pili, juani, tairi bovu lilikuwa limelala vilevile, rimu ikikaribia udongo.

"Mzee! Umebadilisha lile zima!"

Jirani akachungulia, akakuna kidevu.

"Huku ndiko kwenye kivuli," alisema, akiuburuta mkeka wake kuja juani. "Lakini usihofu, mama. Sasa mkono umezoea, na tumepata spea nyingine."