Kuna Mama Getini

Kabla hajafa kweli, rafiki yangu alishakufa mara kadhaa kwenye filamu. Alikuwa na kipaji hicho. Akiambiwa alale chini awe maiti, analala, nzi akimtua puani hatikisiki. Waongozaji wa Dar es Salaam wakamjua kwa hilo, na kila walipohitaji maiti ya mwanaume mwembamba wa makamo, asiye na makuu, walimpigia simu. Huku Tabora tukaanza kumwita Marehemu.

"Marehemu, umeamkaje?"

"Nimeamka, na hiyo ndiyo shida. Nikiamka silipwi."

Mama yake, anayeishi Bukene, hakuona cha kuchekesha. Kwake mtu mzima kujilaza na kufunikwa shuka huku watu wakilia ni uchuro, hata kama wanaolia wamelipwa. Ile filamu ya kwanza aliiangalia mpaka alipomwona mwanawe kafungwa taya kwa kitambaa, akainuka akaenda kupika. Baadaye alimwambia, "Sitakuangalia tena mpaka siku utakayosema. Mimi nilizaa mtu mwenye mdomo."

Tangu siku hiyo rafiki yangu hakutaka kingine. Hakutaka umaarufu, wala gari. Alitaka sehemu ya kusema, hata sentensi moja, mama yake aisikie.

Mimi nauza asali barazani kwangu, mtaa wa Kanyenye. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani kupumzika kidogo, na mapumziko hayo yanaendelea. Ni Mzaramo wa Tabora. Babu wa babu yangu alikuja na msafara kutoka pwani enzi za pembe na vipusa, wakiwa wamepanga kufika Ujiji. Alipofika hapa akavua viatu, akasema inatosha. Wengine wamerithi mashamba, mimi nimerithi kule kuchoka.

Rafiki yangu alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo alikuwa mtani wangu, na utani wetu haukuwa na likizo. Akipita barazani ananiuliza, "Mzaramo, hujaota mizizi bado?" Namjibu, "Pita na mzigo wako, mpagazi." Maana wazee wake ndio walikuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, na yeye alikuwa hajaacha. Kila alipokwenda Dar kutafuta kazi ya kuigiza alibeba dumu la asali yangu.

Asali ndiyo ilikuwa koneksheni yake. Hakuwa na mjomba kwenye televisheni, wala sura ya kupamba bango. Alikuwa akifika kwenye ofisi za hao watengeneza tamthilia, anamsalimia mlinzi, anamsalimia mama wa chai, anamsalimia kijana anayebeba taa, na kila mmoja wao anamwachia chupa ya asali. Nilimwambia asali yangu anaimaliza kwa watu wasio na uwezo wa kumpa chochote.

"Wewe unajua kuuza tu," akanijibu. "Huyo wa taa kesho anaweza kushika kamera. Mwache aonje."

Akirudi Tabora alikuwa na ratiba. Ijumaa baada ya swala anawapigia simu Waislamu wake, Jumapili baada ya misa anawapigia Wakristo wenzake. Anauliza watoto, anauliza mgongo wa fulani, anaaga. Kazi haombi. Nilikuwa nikisikia upande wake tu: "Haloo, shikamoo. Ni mimi. Mimi wa Tabora. Mimi wa asali. Eeh, huyo huyo!" Na uso unamng'aa, kama mtu aliyetambuliwa na rais. Wengine nao walizoea, wakawa wanampigia wao. Anaruka na simu mpaka barabarani, anarudi taratibu.

"Wamesemaje?"

"Asali imewaishia."

Hayo yalikwenda miaka. Katikati ya hapo alikuwa akiigiza na kikundi cha mtaa wa Chemchem, yale maigizo ya kufundisha watu kunawa mikono, na humo alisema sana, ila mama yake alikataa kuyahesabu. Alisema kunawa mikono hata yeye anaweza kufundisha. Alitaka ya kwenye televisheni, kwa sababu alishawaambia majirani.

Halafu yule wa taa kweli akashika kamera. Alimpigia mwenyewe, siku ya kazi, wala si kwa ajili ya asali. Kuna tamthilia, kuna nyumba ya tajiri, kuna mlinzi. Mlinzi anasema.

Rafiki yangu alikuja kwangu anatembea kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa pomoni. Alifika, akasimama, akayatamka maneno yake yote, ambayo hayakuwa mengi: "Bosi, kuna mama getini. Anasema ametoka mbali. Nimfungulie?"

"Basi?" nikamuuliza.

"Basi. Ulitaka nihutubie?"

Tuliyafanyia mazoezi barazani mpaka wateja wakaanza kuyajua. Mimi nilikuwa bosi, nimekaa juu ya ndoo ya asali, kazi iliyonifaa kuliko zote nilizowahi kufanya. Aliyasema kwa ukali, akayasema kwa unyonge, akayasema huku anashika kofia ambayo hakuwa nayo. Mwisho akagundua kitu. Baada ya "getini" akanyamaza kidogo, akavuta pumzi, ndipo akaendelea.

"Hapo napumua," akanieleza, "kwa sababu nimeshamwonea huruma yule mama, lakini kazi nayo naipenda."

Nilicheka. Lakini aliporudia na pumzi yake, mimi bosi wa kwenye ndoo nilitamani kwenda getini mwenyewe.

Siku zile miguu yake ilikuwa imevimba. Viatu alivikanyaga visigino, akasema ni joto. Nilimwambia aende hospitali kwanza, akaniambia akirudi. Mama yake alishajulishwa kwa simu, na alikuwa amekubali kuangalia. Nani angemzuia? Alipanda treni na dumu lake.

Aliporudi alikuwa mwembamba usoni na mnene miguuni. Akanisimulia yote akiwa amelala mkekani kwangu. Walimrudisha mara nyingi. Yule wa taa alikuwa akisema tu "rudia," naye anarudia, mpaka ile ya mwisho watu wote pale wakapiga makofi, na mama wa chai akafuta macho. "Umeona?" akasema. "Na chai yake nimekunywa na asali yetu." Kesho yake nikampeleka hospitali. Figo. Alikaa huko wiki chache, akifundisha wodi nzima namna ya kusema "kuna mama getini," halafu akafa. Tamthilia ilikuwa haijaanza kuonyeshwa.

Tukampeleka Bukene. Mimi, ambaye kwenda sokoni naona safari, nilikwenda, kwa sababu mtani ana kazi msibani na kazi hiyo hatumwi mtu. Lazima umwigize marehemu, umtanie, uwasumbue wafiwa mpaka wacheke. Nilivaa shati lake, nikapita katikati ya waombolezaji na simu sikioni: "Haloo, shikamoo! Ni mimi wa asali!" Waliomjua wakaanza kushika mbavu huku wanalia.

Walipofungua jeneza tumuage, nikamwangalia. Alikuwa amelala vizuri, kama nilivyomzoea. Na mimi nikasahau kwamba nilikuwa nimejipangia maneno mengine. Nikapiga makofi, nikapaza sauti: "Kata! Kata, bwana. Tumemaliza. Inuka ukalipwe."

Watu waliangua kicheko. Katekista aligeuka ukutani. Mimi nikasubiri. Sijui nilisubiri nini. Nikasema tena, polepole, "Inuka, bwana," na safari hii hakuna aliyecheka.

Makaburini niliruka shimoni nikalala. Nikawaambia hapa pananifaa mimi, mtu wa nyumbani, pana kivuli na hakuna wageni, na sitoki bila kuku. Ni desturi. Mama yake akasogea ukingoni akaniinamia.

"Mpeni huyo Mzaramo kuku atoke," akasema. "Mwanangu anasubiri chumba chake."

Nikatoka.

Miezi ikapita. Siku moja mama akanipigia. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijauliza hali akasema, "Leo jioni wanaonyesha. Yule mwenzenu wa kamera kanipigia. Wewe njoo. Sitaki kuangalia na watu wasioyajua maneno."

Nikafunga baraza nikaenda Bukene mara ya pili, bila maiti wala kuku. Televisheni ilikuwa dukani kwa jirani, pale wanapochaji simu. Mama amevaa khanga mpya, kawekewa kiti mbele, na majirani aliowaambia miaka yote wamejaa mpaka nje.

"Mzaramo, umekuja kula?" akaniuliza.

"Nimekuja kuhakikisha hamtamlia vibaya."

Tamthilia ilianza, matajiri wakagombana sebuleni kwa muda mrefu. Halafu akatokea. Kofia, sare ya buluu iliyompwaya, miguu haionekani. Alimsogelea bosi, akashika kofia, akafungua mdomo.

Muziki ukapanda. Zeze, ngoma, sijui kinanda, vyote kwa pamoja. Midomo yake ikacheza, ikatulia kidogo pale alipokuwa akivuta pumzi, ikacheza tena. Sauti hakuna. Kamera ikahamia kwenye uso wa bosi, na ilipotoka nje ya geti, yeye alikuwa hayupo tena.

Kuna mtu nyuma akasema, "Kumbe hasemi." Mwingine akamwambia anyamaze. Nilitafuta pa kutazama, nikatazama chaja za simu. Nilikumbuka asali yote ile, Ijumaa zote na Jumapili zote. Nilimfikiria yule wa taa, nikashindwa hata kumchukia. Labda muziki ulikuwa umekaa vizuri pale. Labda aliamriwa.

Mama hakugeuka. Alikuwa bado anatazama pale mwanawe alipokuwa amesimama, ingawa sasa palikuwa na tangazo la sabuni.

"Amefungua mdomo," akasema. "Nimemwona. Alikuwa anasema nini?"

Watu wote wakaniangalia mimi. Msibani nilikuwa nimevaa shati lake na nilikuwa na desturi ya kunibeba. Hapa nilikuwa muuza asali tu. Nikasema, "Alikuwa anasema: bosi, kuna mama getini anasema ametoka mbali nimfungulie?"

Akatikisa kichwa.

"Mwanangu hasemi mbio hivyo. Sema kama yeye."

Nikasimama. Nikashika kofia ambayo sikuwa nayo. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko yangu, ilianzia puani kidogo, na nilikuwa nimeisikia barazani kwangu mara nyingi kiasi kwamba ilikuja yenyewe, ikanitisha.

"Bosi, kuna mama getini."

Nikavuta pumzi pale pale alipoionyesha.

"Anasema ametoka mbali. Nimfungulie?"

Mwenye duka alikuwa ameshapunguza sauti ya televisheni. Mama alikuwa amefumba macho, mikono imeshika pindo la khanga.

"Mfungulie," akasema. "Mbona unamsimamisha mama wa watu juani?"