Mama Mkwe Aliyekalia Jukwaa la Daraja

Simu ya mdogo wangu Elia ilinikuta sokoni Tunduma nikikunja vitenge. "Dada, njoo. Mama mkwe amekalia jukwaa langu, na mimi siwezi kumsogelea." Nilicheka mpaka mteja wangu Mzambia akauliza kulikoni. Kisha nikamkumbuka wifi yangu Tabitha, mkewe Elia, mjamzito, ng'ambo ya mto ambao Elia alikuwa akiujengea daraja. Mwaka jana mto ulifurika akiwa na uchungu, hakufika zahanati, tukazika mtoto. Kicheko kikaniisha.

Pale kituoni Mpemba nilipata lori lililokuwa likifuata mahindi. Barabara ya Ndalambo ilikuwa vumbi tupu, lakini mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa Zambia, na dereva hakuacha kuyatazama.

Mchana nilifika mtoni. Tao la zege lilikuwa limevuka kutoka ukingo hadi ukingo. Chini yake kulikuwa na msitu wa nguzo na mbao: ndilo jukwaa alilojenga Elia na mafundi wake ili kubeba zege lilipokuwa bichi. Sasa zege limekomaa, na jukwaa lazima litoke kabla mafuriko hayajaleta magogo na kulikumba. Lakini watu walikuwa wamezoea kuvukia kwenye mbao hizo. Kwao, daraja lilikuwa hilo. Mama mkwe na wenzake walikuwa wameketi juu yake, wameshikana mikono. Elia, msimamizi mzima, alikuwa nyuma ya rundo la kokoto, maana kwetu mtu hamkabili mama wa mkewe.

"Mwapoleni, mama," nikamsalimu.

"Mwapoleni, mwanangu. Mwambie mdogo wako, mjukuu mmoja nimeshazika. Akiling'oa hili, huyu mwingine atapita wapi?"

Nikaenda kwenye kokoto. "Mwambie tao litajibeba lenyewe," akasema Elia. Nikarudi.

"Limeshikwa na nani?" akauliza mama.

Nikaenda tena, nikarudi tena, jua linaniwakia kichwani. Mwishowe nilichoka nao wote wawili nikamwita Injinia Rehema, mkuu wa kazi.

Yeye hakubishana. Alimwonyesha mama kwamba kila nguzo imesimama juu ya sanduku la chuma lililojaa mchanga. "Tunafungua tundu, mchanga unatoka kidogo kidogo, jukwaa linashuka, tukianzia katikati. Mama, kaa pale ukingoni. Ukiona tao linashuka pamoja na mbao, piga kelele. Tutaziba matundu palepale."

"Mimi ndiye niseme?"

"Wewe."

Akashuka, na wenzake wakamfuata.

Mchanga ukaanza kutiririka. Niliogopa, sifichi. Kisha uzi wa mwanga ukatokea kati ya mbao na zege, ukapanuka hadi mkono ungepita. Jukwaa likashuka, tao halikutikisika. Mama hakupiga kelele. Alipiga kigelegele, na Elia akachungulia kutoka kwenye kokoto zake.

Jioni nilirudi Tunduma nikiwaza kwamba anayekaa njiani si lazima awe adui wa njia. Pengine ndiye anayeihitaji kuliko sisi sote.

Mvua zilipokolea, njia ya juu ya tao ilikuwa tayari. Asubuhi moja mama mkwe alinipigia kutoka zahanati.

"Tumevuka salama. Mwambie mkwe wangu ni msichana."

"Mama, kwani Elia hayupo hapo?"

"Yupo mlangoni, kanipa mgongo. Wewe mwambie."

Nikampigia. Kabla sijafungua kinywa, alikuwa analia.