Kabati Lililoninyang'anya Jina

Nianze na kosa langu kabla hamjaambiwa na wengine: nililionea wivu kabati.

Ndiyo, kabati. La chuma, refu kama friji mbili zilizobebana, linanguruma kama paka aliyeshiba.

Chekeni sasa hivi, baadaye hamtaweza.

Miaka kumi na tisa nimetunza kanda za redio. Mtangazaji akitaka hotuba ya mwaka fulani, chai yake haijapoa, kanda iko mezani. Ndiyo maana ofisi nzima iliniita Mkono.

Halafu likaja hilo kabati.

Ndani yake kuna mkono wa chuma unaokimbia kwenye reli. Unachomoa kanda kwenye kitundu chake, unaipeleka kwenye kisomaji, unairudisha. Haukosei. Hauendi likizo. Hauumwi mgongo.

Likaja na fundi wake, binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Akabandika ukutani orodha ya majina ya kila kipande, ili sote tuelewane: kisomaji, kitundu, mlango wa kupokelea, kanda tupu.

Namba moja kwenye orodha: MKONO.

Nililisoma neno hilo mara tatu. Sikuendelea chini.

Dada wa mapokezi akapita. "Mzee, sasa wewe tukuiteje? Mguu?"

Nikacheka naye. Ndani moshi unafuka.

Tangu hapo bosi akileta wageni, mimi siwahusu. "Njooni mumwone Mkono!" Nanyanyuka kitini, nafunga kifungo cha koti, wananipita.

Siku ya mafunzo nikasingizia jino.

Ikafika siku ya wageni wakubwa. Fundi akaandaa kanda moja ya kuwasikilizisha, anaibeba kama yai.

"Ina nini hiyo?"

"Subiri, baba. Utasikia na wenzio."

Ananificha! Kanda, mimi! Nikasema leo huyo Mkono wenu ataumbuka.

Kabati huitambua kanda kwa kikaratasi chenye milia, kama cha bidhaa za dukani. Asubuhi, fundi alipotoka kunywa chai, kanda zilikuwa bado mezani zikisubiri kuingizwa. Nikabandua vikaratasi viwili, cha kanda yake na cha kanda tupu. Nikavibadilisha.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mkono utaleta kanda tupu, wageni watasikia kimya, jioni nitarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Fundi akarudi, akaziingiza zote bila wasiwasi.

Saa tano bosi akabonyeza. Mkono ukakimbia, ukachomoa, ukapachika.

Kimya.

Bosi akakohoa. Kimya tena. Nikang'ata shavu nisicheke.

Fundi akasoma kompyuta yake. Akaiita kanda ya pili, ile yenye kikaratasi cha kanda tupu.

Ikaongea: habari za saa nne. Za asubuhi ileile.

Kumbe kila saa kabati hurekodi matangazo lenyewe kwenye kanda tupu. Linaangalia kikaratasi tu, na kilichokuwamo kinafutika. Wote waliohudhuria mafunzo wanajua. Mwenye jino hajui.

"Nani kagusa kanda zangu?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Ni mimi, mwanangu."

Hakufoka. Heri angefoka.

"Baba," akasema, "ile ilikuwa sauti ya mama."

Mke wangu. Alitangaza kipindi cha watoto hapohapo redioni. Ana miaka minane kaburini, na kanda zake niliambiwa zimeoza zote.

Binti wa watu alikuwa kaipata moja stoo. Miezi mitatu anaisafisha kidogo kidogo. Ilipocheza ilikuwa inabanduka maganda, ikacheza mara moja tu, akainakili kwenye ile kanda aliyoibeba kama yai. Nakala ya pili alipanga kuitoa mchana huo.

Nikatoka nje nikiwa nimeinamisha kichwa, nikapita kwenye orodha ukutani. Chini ya neno MKONO kulikuwa na mstari mdogo:

"Jina la heshima, la mzee aliyezitunza kanda hizi kwa mikono yake."

Miezi yote hiyo, ulikuwa pale.

Funzo langu ni fupi: ukiumia kwa sababu ya mwenzako, kamwulize kabla hujamtegea. Mimi ningeuliza swali moja tu, leo ningekuwa namsikiliza mke wangu.

Sasa ombi. Hii ni mara ya nne naliweka humu mtandaoni. Mnaniachia vikatuni vya kucheka, mnapita.

Kama kwenu kuna kaseti mliyorekodi kipindi cha watoto, Jumamosi asubuhi, mtangazaji mama anayecheka kabla hajasalimia, niandikieni hapa chini.

Hata kama salamu haipo. Nipeni kicheko tu.