Eda Juu ya Tela

Wanaopita Ngamiani nyuma ya nyumba ya marehemu shangazi yangu huuliza kwa nini kibanda changu cha mbao kimeupa mtaa kisogo, mlango umetazama ukuta wa jirani. Wengine husema fundi wake alikuwa mlevi. Fundi alikuwa mume wangu, na hakunywa kitu zaidi ya kahawa. Aliyeugeuza mlango ni dereva wa trekta, na aliyesababisha dereva wa trekta ni shemeji yangu kwa roho yake mbaya. Nimenyamaza miaka mingi kwa kuwa sikujua kuandika. Sasa kisomo cha watu wazima kimenifundisha, magoti yameanza kulia, na walionitenda wengine wao bado wanakula na kushiba, basi nawasema. Majina yao siyaandiki, maana wana wajukuu wenye haya kuliko wao. Wakisomewa watajijua.

Miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yupo, mume wangu alikuwa seremala kwenye shamba la mkonge upande wa Kigombe. Aliponioa alisema mbele ya watu kwamba mahari yangu ni nyumba. Akaijenga Tongoni kwa mikono yake, mbao tupu, chumba na sebule, paa la bati, na sakafu ya mbao juu ya nguzo fupi kwa sababu maji ya bamvua yalikuwa yakifika pale. Kiwanja kilikuwa cha kaka yake. Kwetu pwani hilo si la ajabu, ardhi ya huyu na nyumba ya yule, na wote wakala sinia moja. Mpaka mtu afe.

Akafa, kwa homa. Nikaingia eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba aliyoachwa na mumewe, kwa nguo nyeupe, bila manukato, bila kuonana na wanaume wanaoweza kumwoa, wala halali nyumba nyingine. Shangazi yangu akaja kutoka Ngamiani kunikalia. Alikuwa mwanamke mfupi, shavu limejaa tambuu wakati wote, na kila alichotaka kukisema alikisema kwanza, kisha ndipo akatema.

Mwezi mmoja na kitu ndani ya eda, shemeji alikuja na wazee wawili, akasimama nje ya dirisha.

"Shemeji, nyumba ni yako, hilo sina ubishi. Ila kiwanja ni changu na ninakitaka. Ichukue nyumba yako. Kitakachobaki hapa jua la mwisho wa mwezi likizama, ni changu. Wazee hawa mashahidi."

Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Nikitoka kwenda kulala pengine, nimevunja eda, nimejiaibisha, na nyumba nimemwachia. Nikikaa, nyumba haina miguu, jua litazama iko pale pale, nayo ni yake. Wale wazee wawili wakatikisa vichwa kwa huruma, wakanywa kahawa yangu, wakaenda zao. Nao nawahesabu.

"Amesema uichukue?" shangazi akauliza.

"Amesema."

"Basi tutaichukua."

Akajitanda kanga, akaenda kwa mwalimu wa chuo, yule aliyefundisha watoto Kurani. Alinisimulia aliporudi. Alimwuliza, "Mwalimu, eda ya mjane ni ya nyumba, au ya mchanga ulio chini yake?"

"Ya nyumba aliyoachwa na mumewe."

"Na nyumba ikitembea?"

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. "Ikitembea, bibie, na yeye atembee nayo."

Alidhani mzaha. Shangazi hakwenda pale kwa mzaha. Siku ya safari mwalimu yule alipatwa na homa ya ghafla, na tangu hapo kila akiulizwa alisema yeye hakutoa hukumu, alicheka tu. Wa nne huyo.

Wenzake mume wangu wa kule shambani walimpenda. Mzungu wao aliwaruhusu kuchukua trekta na tela refu la kubebea mkonge Jumapili ya mwisho kabla ya mwezi kwisha, mashine ya kuchakata mkonge ikiwa imezimwa. Dereva alikuwa Mpare wa milimani, Mlutheri, naye alisema hagusi usukani kabla ya ibada. Mahubiri ya siku hiyo lazima yalikuwa matamu. Tangu alfajiri nyumba ilikuwa imekwisha kuinuliwa kwa jeki, magogo ya minazi yamepitishwa chini, na sisi wawili tumo ndani kama kuku kwenye tenga. Shemeji alikuja na baiskeli yake mpya, akageuza kinu changu akakikalia mbele ya mlango, anangoja nikanyage mchanga. Choo kilikuwa uani, kinaonekana dirishani, na hakifikiki. Shangazi alileta ndoo yenye mfuniko. Zaidi ya hapo sisemi.

Dereva alipofika, vijana wakavuta kamba, nyumba ikatambaa juu ya magogo ikapanda kwenye tela, ikafungwa kwa minyororo. Tukaondoka. Hatujafika mbali, tawi la mkwaju likaingia chini ya bati moja likalibandua, safi kabisa, kama mtu anavyombandua samaki ngozi. Vijana waliotufuata kwa miguu walimpigia dereva kelele, lakini alikuwa anaimba wimbo wa kanisani na trekta linamwitikia. Kuanzia hapo nikawa nakaa eda mbingu zinanichungulia.

Adhuhuri ilipoingia shangazi akasema tusali, maana barabara inakwenda kaskazini na kibla kiko mbele yetu, tumerahisishiwa. Tukafunga sala. Rakaa ya kwanza tuko sawa, ya pili tuko sawa, ya tatu barabara ikapinda. Tukatoa salamu tumeielekea Pemba.

"Tuirudie?" nikamwuliza.

"Mungu anajua Pemba iko wapi," akasema.

Lakini balaa lenyewe lilikuwa watu. Habari zilitutangulia. Ada yetu ni kwamba hupiti mlango wa msiba bila kuingia kutoa pole. Hakuna aliyewahi kusema ufanyeje mlango wa msiba ukikupita wewe. Wanawake waliokuwa mashambani walitupa majembe, wakakimbia nyuma ya tela, wakapanda. Waliingia kwa heshima, wakakaa mkekani, wakanipa mkono, wakalia kidogo.

"Pole sana mwanangu, msiba wetu sote. Marehemu alikuwa mtu wa watu." Halafu, baada ya kufuta machozi, "Hivi mtapitia Mwambani?"

Mmoja alipanda na kikapu cha muhogo. Mwingine na bata. Mwingine alikuwa anakwenda mjini kumwona mwanawe aliyezaa, akaona pole na safari zimekutana, kwa nini azitenganishe. Kila kijiji waliongezeka, na hakuna aliyeshuka, maana si adabu kuondoka msibani upesi. Nawataja wote kwa jumla, kwa kuwa uzito wao ndio uliotaka kunizika.

Tulifika kwenye kijito ambako daraja la magogo lilikuwa jembamba kuliko nyumba. Dereva akaamua kupita pembeni, ndani ya maji. Trekta likavuka. Tela likazama tope, upande mmoja ukadidimia, na mtungi wangu ukabingirika toka sebuleni mpaka chumbani ukapasuka. Bata akapiga mbawa juu ya vichwa vya waombolezaji.

"Akina mama, shukeni wote, tela limezidiwa," dereva akasema.

Wakashuka wakinung'unika, wamepandisha kanga zao, mwenye bata ndiye wa mwisho. Dereva akachungulia. "Na yule wa nguo nyeupe?"

"Huyo hashuki," shangazi akajibu kutoka nyuma ya pazia.

"Mama, nyumba itapinduka."

"Ikipinduka, itapinduka naye."

"Hiyo sheria gani?"

"Ya kwetu. Wewe asubuhi nzima umesali kwako tukakungoja. Sasa na wewe tuvumilie."

Mpare wa watu akakuna kichwa, akarudi kwenye usukani wake.

Hapo ndipo shemeji akatokea. Alikuwa ametufuata njia nzima kwa baiskeli, vumbi limempaka mpaka kope. Akaiegemeza baiskeli nyuma ya tela, akaja chini ya dirisha langu, na sauti yake ilikuwa laini kama halua.

"Shemeji, roho ni bora kuliko mbao. Shuka. Mungu anaijua dharura. Nyumba nitakuangalizia mimi."

Nikachungulia kwenye ufa. Maneno yalikuwa kwangu, macho yalikuwa kwenye bati. Anahesabu yaliyobaki.

Sisemi uongo, niliogopa. Sakafu ilikuwa imelala kama paa. Maji yalikuwa yanasikika chini ya mbao, na kila nguzo inalia. Nilikuwa msichana bado, nilitaka kuishi. Nikasogea mpaka kizingitini, mguu mmoja ukawa unaning'inia nje, na nikamwona shemeji anautazama mguu ule kama paka anavyotazama kitoweo.

Shangazi hakunishika. Alikuwa amekaa kwenye kona ya chini, amejibana ukutani. "Ukishuka umempa nyumba," akasema. "Ukikaa, labda umempa maiti mbili. Chagua mwenyewe. Mimi nimeshakaa, na kuinuka nikitaka siwezi."

Nikaurudisha mguu ndani, nikafunga mlango.

Dereva akajaribu tena. Trekta likanguruma, mnyororo ukakaza, halafu tela likateleza kinyumenyume kidogo. Tukasikia mlio wa chuma chini. Shemeji akageuka. Baiskeli yake mpya, aliyoinunua dukani kwa Mhindi na kuipitisha Tongoni nzima ionekane, ilikuwa imelala topeni, gurudumu la nyuma limebanwa na tairi la tela.

"Usirudi nyuma," akamwambia dereva, na halua yote imekwisha sautini. "Usirudi hata kidogo."

"Mimi sirudi, tope linarudi," dereva akasema. "Likiteleza tena, hiyo ni chapati. Dawa ni moja, tela liende mbele. Sukuma."

Shemeji akatazama huku na huku. Vijana walikuwa wamekwisha kuingia majini na mabega yao. Akapandisha kanzu, akaifunga kiunoni, akaingia topeni mpaka magotini, akaliweka bega lake kwenye ukuta wa nyumba yangu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ubao ule ule. Nilimsikia anavyohema. Dereva akaanzisha wimbo wake wa kanisani, vijana wa Tongoni wakaupokea bila kuyajua maneno, na shemeji akasukuma kwa nguvu ambazo hajawahi kuzitumia hata kwenye shamba lake. Tela likatoka. Kule ukingoni mwanamke mmoja akaanza kigelegele, mwenzake akamfinya, akamkumbusha kwamba wako msibani.

Ngamiani tuliingia jua linaelekea kuzama, mtaa mzima umetoka nje. Uchochoro wa kwenda nyuma kwa shangazi ulikuwa mwembamba na tela halikuweza kugeuka, dereva akaliingiza kwa nyuma, na nyumba ikashushwa mlango ukiwa umetazama ukuta wa jirani.

"Kesho tutakuja kuigeuza," wakasema wenzake mume wangu.

Kesho hiyo naingoja mpaka leo. Mlango unafunguka nusu, na mtu hupita upande. Lakini nilimaliza eda yangu ndani ya nyumba yangu, bila kukanyaga mchanga wa mtu.

Nilipokwisha kuoga na kubadili nguo, wakaja wale wazee wawili wa kahawa. Ilibidi waingie mmoja mmoja, ubavuubavu. Shemeji amewatuma. Anataka kunirithi, aniweke badala ya nduguye, kama ilivyokuwa ada.

"Anasema ukoo usitawanyike," mzee wa kwanza akaeleza. "Urudi Tongoni, na nyumba nayo irudi mahali pake."

Sasa nilikuwa na ruhusa ya kusema na wanaume. "Mwambieni aliweka sharti mwenyewe, nanyi mkashuhudia. Kitakachobaki kiwanjani jua likizama ni chake. Mimi sikubaki, nyumba haikubaki. Kilichobaki ni choo. Arithi hicho."

Wazee wakatazamana. "Tumwambie hivyo hivyo?"

Shangazi alikuwa chumbani anakunja mkeka wa eda. "Mwambieni hivyo hivyo," akasema. "Na ile ndoo tuliyoirudisha na trekta siku ile, mlangoni kwake, ni yake pia. Mfuniko tulimfungia vizuri."

Akatema tambuu yake.