Misumari Mia Mbili na Kumi na Nne

Mdogo wangu ana miaka thelathini na tisa, na kwa miaka kumi na sita ametunza funguo za hospitali. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, na ukutani ulikuwapo ubao wenye misumari mia mbili na kumi na nne, kila msumari na ufunguo wake. Wauguzi walimwita Bwana Kufuli. Ungeudondosha ufunguo wowote nyuma ya mgongo wake, angekwambia kwa mlio tu kama ni wa maabara au wa stoo ya mashuka. Nyumbani ana makufuli mabovu kwenye maboksi ya viatu. Anayafungua, anayasugua kwa mswaki, anayarudisha. Ukijisahau ukamuuliza habari za kufuli moja, chai yako itapoa.

Miaka mitano iliyopita daktari alitupa jina la hali yake: usonji. Mimi nililia. Yeye alimuuliza daktari kitasa cha mlango wake kilinunuliwa lini.

Mwaka huu akaja msimamizi mpya, akaweka milango ya kadi. Ubao ukang'olewa. Mdogo wangu akaambiwa ahamie mapokezi, ajibu simu na kuelekeza wagonjwa, au aache kazi. Kwanza angehojiwa.

Wiki nzima nilimfundisha mezani. "Kama macho ya msimamizi yanakuumiza, angalia paji la uso. Akiuliza kama unapenda watu, sema ndiyo."

"Watu gani?"

"We sema ndiyo tu, jamani!"

Siku ya mahojiano nilikaa kwenye benchi nje, mlango uko wazi.

"Mbona unanitazama huku juu?" msimamizi akauliza.

"Dada amesema niangalie paji la uso."

"Na nini kingine amesema dada?"

Akamweleza yote, tangu somo la Jumatatu. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimfundisha majibu yote nikasahau kwamba mtu huyu hajui kuficha.

Hata hivyo walimpa mapokezi kwa majaribio. Siku ya tatu nikapigiwa simu nikiwa kwenye cherehani yangu. Simu tatu zilikuwa zimelia kwa pamoja, mtoto analia, watu wanagonga kaunta, naye akanyanyuka, akaenda kujifungia kwenye kile chumba cha chini ya ngazi.

Nilimkuta msimamizi mlangoni, barua ya kumfukuza iko mkononi. Akanikabidhi mimi.

"Mtoe, mama. La sivyo tunavunja."

Nilipiga magoti nikaweka sikio kwenye mbao. Alikuwa anahesabu matundu ya misumari yaliyobaki ukutani kwa sauti, na kila akipoteza hesabu anajigonga kichwa na kuanza upya. Damu ilinichemka kwa sababu ya yule mwanamume na kadi zake, lakini ningemfanya nini?

"Mdogo wangu, fungua. Ni mimi."

Akaacha kuhesabu, akauliza, "Dada, kesho nakuja kazini?"

Wote wamewahi kumdanganya: walimu, majirani, hata marehemu mama, kwa kumwonea huruma. Mimi nilikuwa sijawahi. Ndiyo maana hushika mkono wangu barabarani na wa mtu mwingine hashiki. Lakini nilisikia tena kichwa kikigonga ukuta, na fundi alikuwa ameshafika na nyundo.

"Ndiyo," nikasema. "Kesho unakuja."

Komeo likafunguka papo hapo.

Jioni nilishindwa kumwambia. Nilijipa moyo kwamba atulie kwanza, ale, alale. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikamkuta amesimama sebuleni, shati limepigwa pasi, kamba za viatu zimefungwa.

"Twende, dada."

Nikatoa barua kwenye mkoba. Aliisoma mara mbili, akaangalia tarehe.

"Jana ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Hakupiga kelele. Aliikunja kwenye mikunjo yake ileile, akanirudishia, akaingia chumbani mwake. Nikasikia kufuli likijibana kwa ndani, moja ya yale aliyoyatengeneza mwenyewe.

Leo ni siku ya nne. Sahani naiacha mlangoni, nayo inarudi nusu. Namwita, namwapia kwamba tutatafuta kazi nyingine. Anajibu kwa upole, kama alivyokuwa akiwajibu wengine wote, "Sawa," na hafungui.